Dadu Haina Mjomba

Safari ya Pili ilianza Jumamosi ya kwanza ya muhula wa pili, mwaka wa themanini na nne, saa nane na robo mchana. Hiyo robo naikumbuka kwa sababu Mwalimu alikuwa amesema saa nane kamili, na Mwalimu hakuwahi kuchelewa kitu chochote. Tulimngoja kwenye stoo ya ramani, mimi, Kinya na Ekai, na kiti cha nne kilikuwa kitupu. Kinya alitafuna kucha. Ekai alizungusha lile tufe la dunia ambalo Afrika yake imepasuka katikati, akalizungusha, akalizungusha, mpaka nikamwambia, "Wacha!" Nilimwambia kwa sauti. Mahali pengine popote ningemwacha alizungushe mpaka ling'oke.

Mwalimu akaingia na daftari nene lililofunikwa kwa gazeti. Alikuwa ameliandika likizo nzima.

"Ile ya kwanza ilikuwa ya watu wengine," alisema. "Hii ni yetu."

Kisha akasukuma jiwe mlangoni kwa mguu, mlango ukabaki wazi.

Jiwe hilo lilikuwa sharti la mama yangu. Siku niliyoomba ruhusa ya kucheza mchezo wa Mwalimu Jumamosi, mama alimwendea mwenyewe, akamwambia, "Mwalimu, mimi nakujua, lakini watu hawakujui. Mlango uwe wazi." Mwalimu hakukasirika. Alitafuta jiwe kubwa kwenye uwanja, akaliosha kwanza, sijui kwa nini, akaliweka hapo. Hata siku za upepo, ramani zikipepea ukutani kama nguo kwenye kamba na vumbi likitujaa mdomoni, jiwe halikuondoka.

Namwandika sasa kwa sababu amehamishwa, na nyumba yake imeingia karani mmoja ambaye hasalimii. Nikingoja nitasahau. Nimeshaanza kusahau sauti yake alipokuwa akiita majina darasani. Alikotoka sikujui vizuri, ni upande wa mlima huko, Kinya anasema ni wa kwao. Mimi nilimjua kama mtu wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mtaa wa Chechelesi, anayenunua maziwa kwa mama tangu niko darasa la nne, kabla hajawa mwalimu wangu wa Jiografia.

Hakujua kukaa. Hilo ndilo la kwanza. Alifundisha akitembea, dirishani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka dirishani, na chaki ikilia mfukoni pamoja na funguo. Alikula akiwa amesimama. Hata kanisani, Kinya anasema, alisimama nyuma ingawa viti vilikuwepo. Ukimwangalia sana ulianza kutikisa mguu wako mwenyewe. Mimi bado natikisa wangu. Mama akiniona ananiambia, "Wacha kutembea na mguu mmoja."

Na aliuliza maswali. Kila asubuhi, miaka yote hiyo, aliinua chupa ya maziwa kwenye mwanga.

"Mama Talaso, hii ni ya leo ama ni ya jana jioni?"

"Mwalimu, miaka yote hii bado unauliza? Unaangalia maziwa yangu kama daktari anaangalia mkojo."

"Nauliza tu."

"Basi kunywa tu."

Halafu wote wawili walicheka, kila asubuhi, kama hawajawahi kusema hivyo.

Darasani hakuwa na mchezo. Kidato cha pili nilipata arobaini na tisa kwenye mtihani wake, na kupita ni hamsini. Mimi nisingesema kitu. Shuleni waliniita Kimya, hata walimu wengine walilijua jina hilo. Ekai ndiye alimwendea kwa niaba yangu.

"Mwalimu, ni moja tu. Muongezee, huyu ni jirani yako."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo anakuletea maziwa."

"Kalamu haina mjomba," Mwalimu alisema, akaendelea kutembea. Nililia chooni. Lakini nilijua kwamba siku nitakayopata hamsini itakuwa hamsini kweli.

Sasa huo mchezo. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa sayansi, kijana wa kujitolea kutoka ng'ambo, aliyekaa kwetu miaka miwili. Alipoondoka aliacha kisanduku. Ndani kulikuwa na kitabu cha sheria, kijitabu cha hadithi, na dadu ngeni, moja ikiwa na pande ishirini, tarakimu zake zimejazwa rangi nyekundu. Wengine walidhani ni kamari. Mwalimu alikisoma kitabu chote, akatuita wanne.

Mchezo wenyewe ni hivi. Mwalimu anasimulia mko wapi na mnaona nini. Wewe una mtu wako uliyemtunga, na unasema mtu wako anafanya nini. Ikifika mahali ambapo hakuna anayejua kama ataweza, dadu inarushwa. Ikitoka kubwa, ameweza. Ikitoka ndogo, ana shida. Ikitoka moja, Mungu amsaidie. Basi. Hakuna anayekuambia jibu, na kama husemi, mtu wako anasimama tu hapo kama mti. Kwa hivyo nilisema. Mtu wangu alikuwa mchimba visima, mwanamke mwenye kamba na sururu, na alikuwa na mdomo. Jumamosi, saa nane mpaka saa kumi na moja, nilikuwa na mdomo. Siku nyingine zote niliungoja.

Wa nne wetu alikuwa Guyo. Ndiye alianza fujo tangu siku ya kwanza. Kitabu kinataka uandike kwenye karatasi mtu wako ana uhai kiasi gani, kwa tarakimu, na kila anapoumia unapunguza. Guyo akaweka kalamu chini.

"Mimi siandiki."

"Kwa nini?"

"Mtu hahesabu kitu anataka kibaki."

Kinya alicheka, maana kwao dukani wanahesabu mpaka njiti za kiberiti. Mimi sikucheka. Baba yangu hajawahi kutaja idadi ya ng'ombe wake, na ukimuuliza anaangalia kando kama umetukana. Mwalimu, mtu wa vipimo na ramani, hakubishana. Alitoka nje, akarudi na mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia na konzi ya vijiwe. Akamwambia Guyo, ukiumia, toa vijiwe kimya kimya. Tangu siku hiyo mtu wa Guyo aliishi ndani ya mkebe, na alipokimbia tulimsikia akilia kechekeche.

Safari ya Kwanza ilikuwa nchi ya theluji. Theluji sisi tuliijua ile ya juu ya mlima, inayoonekana asubuhi kabla vumbi halijaamka. Chini ya ngome moja kulikuwa na mapango, na kwenye pango la mwisho joka limelala kando ya chemchemi. Kijitabu kilitaka tupigane nalo. Tulifika mahali hapo Jumamosi ya tano, Mwalimu akiwa amesimama dirishani, mikono imepanda juu, akifanya joka.

"Linafumbua jicho moja. Mnafanya nini?"

"Namsalimia," Guyo alisema.

"Unafanya nini?"

"Nasema nagaa, amani kwako. Halafu namuuliza hii maji ni ya nani, na zamu yetu ya kunywesha itakuwa siku gani."

Ekai akamgeukia. "Kunywesha nini? Sisi hatuna mifugo."

"Tuko na punda. Mwalimu alisema tuko na punda."

Mwalimu akafungua kijitabu, akapekua mbele, akapekua nyuma. Kilikuwa na urefu wa meno ya lile joka, na moto wake, na dhahabu yake. Zamu ya kunywesha hakikuwa nayo. Waliokiandika hawakufikiria kwamba mtu anaweza kukuta maji yenye mwenyewe na aulize. Kwetu ni mtoto gani hajui hilo? Kisima kina mtu anayepanga zamu, na ukichota kabla ya kuuliza, hata kama una kiu ya kufa, umeanzisha vita wewe.

Mwalimu akakaa. Kwenye kiti. Ndiyo mara ya pekee. Akafunga kijitabu, akasema kwa sauti ya chini, polepole, kama anasikiliza mtu aliye mbali, "Joka linasema, miaka mia tatu watu wanakuja hapa na mapanga. Hakuna aliyewahi kuniuliza zamu."

Tulijadiliana na joka lile Jumamosi tatu. Sijawahi kuwa na furaha kama hiyo.

Tulipokuwa tunatoka, kwenye daraja jembamba, Guyo akarushiwa dadu hadharani kama sote. Ikatoka moja. Mwalimu aliitazama muda mrefu.

"Dadu haina mjomba," alisema.

Guyo akapindua mkebe, vijiwe vyote vikaanguka mezani. Hakuna aliyetaja sifuri. Kisha akacheka, meno yote nje, na Mwalimu akacheka naye. "Haya. Nitarudi na mdogo wake."

Hakurudi. Mvua ya mwezi wa nne haikuja, ng'ombe wa baba yake wakaisha kabla likizo haijaisha, na Guyo akapelekwa Gotu kwa bibi yake kusaidia na mbuzi waliobaki. Hiyo ndiyo hadithi ya kiti cha nne.

Mwaka huo watu walibadilika sura. Maziwa ya mama yalipungua mpaka chupa ya Mwalimu ikawa inafika nusu, na nyumbani tuko watoto watano. Asubuhi moja akaja mikono mitupu.

"Mama Talaso, usiniwekee tena. Daktari amenikataza maziwa. Ati ni tumbo."

"Daktari gani?"

"Wa hospitali."

"Hospitali gani?"

"Si ile… hospitali."

Akaondoka haraka, anakanyaga mbuzi ya watu. Mama akamtazama mpaka akaingia kwake. "Huyu mtu hajui kudanganya," alisema. "Mungu amwongezee." Akatumiminia sisi yale maziwa.

Ningekumbuka hilo mapema, ningeelewa Safari ya Pili.

Mwanzoni tuliipenda, kwa sababu ilikuwa kwetu. Hakukuwa na theluji. Kulikuwa na mchanga, ngamia, majabali, mji uliofukiwa, na visima saba vilivyokauka ambavyo lazima tuvifungue kimoja kimoja. Alikuwa amechora ramani kwa wino wa rangi tatu. Ukiiweka kando ya kile kijitabu cha ng'ambo chenye kurasa zilizolegea, ungesema hii ndiyo bora mara kumi.

Lakini tukaanza kupiga miayo. Kisima cha kwanza tukamkuta mzee. Nikamuuliza zamu ya kunywesha. Mwalimu akafungua ukurasa, akasoma. Jibu lilikuwepo, mistari saba, limeandikwa vizuri. Nikauliza jambo la pili, lilikuwepo pia. Mzee akatupa maziwa, akatuonyesha njia, akatuonya kuhusu njia nyingine. Kila tulichokaribia kusema, Mwalimu alikuwa amekifikiria kwenye likizo. Na hakuna aliyeumia. Fisi walikuja, dadu ikarushwa, fisi wakakimbia. Dhoruba ya mchanga ikaja, dadu ikarushwa, tukapata pango.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani Kinya alisema, "Hii safari ni kama uji wa hospitali. Hauwezi kukuchoma."

"Hata fisi zake zimesoma shule ya Jumapili," Ekai alisema. "Zinakuja, zinaomba msamaha, zinaenda."

Nilicheka nao, lakini nilijua kitu wasichokijua.

Safari hii Mwalimu alikuwa anarusha dadu nyuma ya katoni ya biskuti aliyoisimamisha mezani. Alisema ni kuongeza siri. Mimi ndiye nilikuwa karani wa mchezo, naandika yanayotokea, kwa hivyo nilikaa kushoto kwake, na katoni ilikuwa na pengo. Jumamosi ya tatu niliona mbili. Mwalimu akasema, "Kumi na sita!" Nilidhani macho yangu yana vumbi. Wiki iliyofuata niliona nne, akasema kumi na moja. Mtu aliyeninyima alama moja! Na mkebe wa Guyo, uliokuwa kwenye rafu kando ya dira, haukuwepo tena. Nikaangalia chini ya meza, nyuma ya ramani. Hakuna.

Siku hizo sikutulia. Nilichota maji nikasahau kufunga mfereji wa jumuiya, nikatukanwa na foleni nzima. Nikisema, nitamwaibisha mwalimu wangu mbele ya wanafunzi, na mimi ni msichana ambaye hajawahi kuinua mkono darasani. Nisiposema, mchezo utakufa. Kinya alishasema Jumamosi ijayo atabaki dukani. Ekai alishasema kuna mpira. Na mchezo ukifa, Kimya ndiye atabaki na siku zote saba.

Ikafika Jumamosi ya mwisho kabla ya hao wawili kuacha. Kisima cha tano. Mtu wangu akateremka na kamba yake, ukuta wa kisima ukaanza kumong'onyoka. Mwalimu alikuwa anatembea, anasimulia vizuri kweli, mawe, giza, kamba inakatika uzi mmoja mmoja. Akarudi mezani akarusha.

Nikaona ile tarakimu nyekundu.

"Kumi na nane!" Mwalimu alisema. "Umeshika jiwe. Umepona."

Ekai akashusha pumzi, akaanza kufunga daftari lake.

"Ni moja," nikasema.

"Nini?"

"Dadu, Mwalimu. Ni moja."

Sikujua sauti yangu inaweza kujaza stoo. Ekai akanyoosha shingo, kisha mkono, akaiinua katoni. Dadu ilikuwa hapo, imetulia. Moja.

"Sasa Talaso," Kinya alisema polepole, "si umejiua?"

Mwalimu aliichukua dadu, akachukua daftari lake la gazeti, akatoka. Alisahau jiwe. Mlango ulibaki wazi nyuma yake, na ramani zikapepea.

Alikuja kwetu jioni, kabla ya adhana ya magharibi. Mama alikuwa anachambua maharagwe uani.

"Karibu, Mwalimu. Tumbo?"

"Linaendelea. Nimekuja kuongea na mtoto."

Mama akasogeza kigoda kidogo, asikie vizuri. Mwalimu hakukaa, bila shaka. Alitembea kutoka kwenye uzio mpaka kwenye pipa, kutoka kwenye pipa mpaka kwenye uzio.

"Umeona mara ngapi?"

"Nyingi."

"Na hukusema."

"Niliogopa."

"Hata mimi." Akafika kwenye pipa, akageuka. "Yule kijana alipopindua mkebe wake mimi nilicheka naye. Unakumbuka? Nilicheka. Wiki mbili baadaye baba yake anakuja ofisini kumtoa shule. Nikajiambia, kwangu hapa hakuna mtu ataanguka tena. Huko nje inatosha."

"Lakini Guyo hakwenda kwa sababu ya dadu."

"Najua, Talaso."

Nilipaswa kunyamaza hapo. Mguu wangu ulikuwa unatikisika mpaka kandambili inagonga. "Na Safari ya Pili ni mbaya," nikasema.

"Talaso!" Mama aliangusha ungo. "Unaongea na nani?"

"Mwache, Mama Talaso. Mbaya vipi?"

"Ile ya kwanza kitabu kilikuwa hakitujui. Ikabidi utuulize sisi. Hii umetujibu kabla hatujauliza. Hata yule mzee wa kisima anaongea kama wewe. Na hakuna kitu tunaweza kupoteza, kwa hivyo sisi tunakaa tu. Kinya na Ekai hawatakuja tena. Mimi nitakuja, lakini nitakuja peke yangu, na mama hatakubali."

"Sitakubali," mama alisema.

Mwalimu akasimama. Katikati ya uwanja wetu, kama mtu aliyesahau anakwenda wapi. Nilidhani atanifukuza shule.

"Ungenipa alama ngapi?"

Nilifikiria kweli. Nilifikiria ramani ya rangi tatu, na ile kamba aliyoikata uzi mmoja mmoja.

"Arobaini na tisa."

Midomo yake ikacheza. "Moja tu? Na mimi ni jirani yako."

"Kalamu haina mjomba, Mwalimu."

Mama ndiye aliyecheka kwanza, na hata hakujua tunachekea nini.

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, mama alikamua mbuzi yetu, akajaza nusu chupa, akanipa. "Mpelekee. Mwambie daktari amebadilisha mawazo." Nilimkuta Mwalimu mlangoni kwake na koti la kanisani, anapaka viatu rangi akiwa amesimama, mguu juu ya kizingiti. Aliinua chupa kwenye mwanga. Hakuuliza. Dirishani kwake, nyuma ya pazia, nikauona mkebe wa Guyo.

"Naomba huo," nikasema. "Na dadu."

Akavileta. Nilimwambia nina mtu mpya, dada mdogo wa yule aliyeanguka darajani, na ninataka kujua ana uhai kiasi gani, na nitarusha mwenyewe, hapa, kwenye saruji. Nikarusha. Ilizunguka muda mrefu karibu na kile kikopo cha rangi ya viatu. Tatu.

"Ni mdhaifu sana huyu," Mwalimu alisema. "Atakufa kabla ya kisima cha sita. Rusha tena, hakuna mtu ameona."

"Mimi nimeona."

Nikainama, nikaokota vijiwe mlangoni kwake, nikavitia kwenye mkebe kimoja kimoja. Hatukuvihesabu. Nikautikisa mkebe kumsikia anavyotembea, kisha nikaenda kumgongea Kinya, na baada ya Kinya, Ekai.